Uzi wa watu wazima: maswali ya chumbani ninayoulizwa kwa kunong'ona dirishani, Moshi

Dada wa Dirishani (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Wenye watoto wanaochungulia simu, geuzeni kioo kwanza.

Nauza dawa Moshi mjini, upande wa Mbuyuni. Duka silitaji, msihangaike kunitafuta. Kwa kuwa ni sokoni, napata kila aina ya mteja: mama wa ndizi kutoka Kibosho, mwanachuo, bodaboda, mzee wa kanisa na tai yake. Wote wana tabia moja. Mtu akikuta kuna mama ananunua dawa ya minyoo, anaanza kusoma bango la dawa ya meno ukutani mpaka mama aondoke. Halafu anasogea, noti kaikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge, anasema "nipe ile". Ile ipi? "Ile bwana, dada, si unajua."

Sijui. Kuna "ile" zaidi ya ishirini kwenye shelfu.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna kitu kinanikera. Watu wa huku hatuoni aibu kuongelea ngono. Baa tunaiongelea, kwenye haisi ya Majengo konda anaiongelea, kwenye sendofu MC anaimaliza kabisa na wakwe wamekaa meza ya mbele. Tunashikwa na bubu sehemu mbili tu, kitandani na mbele ya mhudumu wa afya. Na hizo ndizo sehemu ambazo maneno yangetusaidia.

Nianze na UTI, maana hii inaniua.

Kijana anakuja: "Dada, dawa ya UTI." Namuuliza dalili. Anaungua akikojoa, na asubuhi boksa ina doa la usaha. Kaka yangu, mrija wa mkojo wa mwanaume ni mrefu, bakteria wa choo kubwa hawafiki kwenye kibofu kirahisi, ndiyo maana UTI ya kweli kwa kijana mwenye afya si jambo la kawaida. Usaha kwenye uume mara nyingi ni kisonono, au klamidia (ugonjwa mwingine wa zinaa), au vyote viwili vimekuja pamoja. Yeye anataka sipro, ile antibayotiki, tena vidonge vinne tu kwa sababu hela haitoshi. Kisonono kimeshaizoea sipro sehemu nyingi duniani, na siku hizi Shirika la Afya Duniani linaelekeza sindano ya ceftriaxone. Vile vidonge vinne vinapunguza maumivu, jamaa anajiona kapona, wadudu waliobaki wanaendelea na kazi.

Na mwenzake je? Hapo ndipo kimya kinapotugharimu. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili yoyote. Hauwashwi, hauungui, uko sawa kabisa, wakati mdudu anapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi anaacha makovu. Miaka inapita, mimba haiingii, au inatunga nje ya kizazi. Ndugu wa mume wanaanza vikao. Aliyenunua sipro dirishani kwangu anakaa kwenye kikao hichohicho anatikisa kichwa.

Kwa hiyo dalili kama hizo, nenda kituo cha afya, mtibiwe WOTE WAWILI, na muache tendo mpaka mmalize dawa na angalau siku saba zipite tangu mtibiwe. Matibabu ya mmoja ni kutupa hela.

Kwa kina dada: tunajiosha kupita kiasi. Uke una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi, hiyo asidi ndiyo ulinzi. Ukiingiza sabuni, ndimu, dettol (nimeona kwa macho yangu), unaua walinzi na fangasi wanapata kiwanja. Osha nje kwa maji, basi. Na ile shabu ya kubana, achaneni nayo. Inakausha, inachubua, na pale penye mchubuko VVU anapita kwa urahisi zaidi. Eti mume anapenda pakavu. Pakavu maana yake mwili wa mke hauko tayari. Tutafika huko.

Ulizeni, nikifunga duka najibu.

Chalii wa Kijenge

Nimevuta kiti, kahawa ipo, karanga zipo.

Dada mimi niko Chuga (Arusha), nauliza kwa niaba ya jamaa yangu (kweli ni jamaa yangu, msicheke). Yeye ni kamoja chali. Akigusa tu, kaenda. Na anasema ana kibamia. Anataka kununua vumbi la Kongo, ile dawa ya nguvu za kiume, kwa dalali wa soko la Kilombero. Mshauri nini?

Dada wa Dirishani

Hahaha mpe pole huyo "jamaa".

Kwanza muda. Kuna utafiti ulichapishwa 2005, jozi 500 za wapenzi wa Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani walipewa saa wapime wenyewe nyumbani. Aliyekuwa katikati ya kundi alipata dakika 5.4 toka kuingia mpaka kumaliza. Zile dakika arobaini anazozisikia kijiweni ni za kijiweni.

Pili bamia. Mwaka 2015 madaktari walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 kutoka tafiti mbalimbali, vilivyopimwa na wataalamu, si mtu kujipimia mwenyewe na matumaini. Wastani ukiwa umesimama ni sentimita 13.12. Achukue rula.

Vumbi la Kongo hakuna anayejua lina nini. Mengine ya aina hiyo yanatia ganzi, na ganzi inahamia kwa mwenzake, kwa hiyo wote wawili hamsikii kitu, mmebaki mnafanya mazoezi. Kama kweli anamaliza chini ya dakika moja karibu kila mara na inamtesa, hilo lina tiba. Kuna mazoezi ya kusimama kabla ya kufika, unatulia, unaanza tena. Kuna kukaza ile misuli unayokatizia mkojo. Kuna dawa pia za kuandikiwa na daktari.

Chalii wa Kijenge

Dakika TANO? Mimi nilijua ni mgonjwa.

Yaani jamaa yangu alijua.

Mpenda Haki 07

😂😂😂 Jamaa yangu amejitokeza mwenyewe

Mzee wa Kibosho

Nimesoma mpaka hapa kwa masikitiko. Mambo ya chumbani ni ya chumbani. Sisi tulikua bila nyuzi hizi na tukazaa na kulea. Leo binti mdogo anaandika mambo ya uke hadharani. Wachagga tumefika hapa?

Dada wa Dirishani

Shikamoo mzee wangu. Sikukusudia kukuvunjia heshima.

Naomba nikuulize tu, baba. Zamani hakukuwa na mafundisho? Kabla ya jando kufa huku kwetu, vijana hawakuwa wanakalishwa chini na wazee wakaambiwa mtoto anapatikanaje, anakua vipi tumboni, na mwanaume anatakiwa aishi vipi na mke? Mimi nimesikia tu, wewe ndiye utatuambia.

Mzee wa Kibosho

Marahaba.

Hilo ni kweli. Babu yangu alikuwa akisimulia habari za mregho. Ni fimbo iliyochongwa alama, mwalimu anashika alama moja baada ya nyingine anaimba fundisho lake, na vijana wanaitikia. Kulikuwa na alama za mimba inavyokua. Mimi sikuipitia, wakati wangu misheni ilishayafuta hayo, tukaenda kipaimara. Kipaimara hakikufundisha habari hizo, na baba naye hakufundisha kwa kuwa alidhani kanisa linafundisha.

Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mahali pake na mtu wake. Si kila mtu kila mahali.

Dada wa Dirishani

Aika, mzee. Hapo tumeelewana. Mahali pale palifutwa, pengine hapakujengwa, watu wanakuja kujifunzia kwenye dirisha langu wakiwa tayari wanaumwa. Ningefurahi kupumzika.

Mtumishi wa Bwana

Mnapamba uzinzi kwa lugha ya afya. Dawa ya magonjwa haya ni moja, kumcha Mungu na uaminifu katika ndoa.

Dada wa Dirishani

Mtumishi, uaminifu wa pande zote mbili unalinda sana, sina ugomvi na wewe. Ila wateja wangu wengi wa "ile" wana pete kidoleni. Na aliyeoa akiwa bikira anahitaji kujua pia kwa nini mke wake analia kwa maumivu, hilo halitibiwi kwa kukemewa.

Makanisa yetu yana mafundisho ya ndoa, Walutheri na Wakatoliki wote. Wiki nzima mnafundishwa bajeti na wakwe. Mngempa nesi saa moja tu ndani ya hiyo wiki, ningewashukuru. KCMC ni hospitali iliyoanzishwa na makanisa, ipo toka 1971, na inapima mlango wa kizazi kila siku bila kuona haya.

Mama Wawili

Mimi ndiye huyo wa maumivu. Nina mtoto wa miezi mitano, bado ananyonya. Toka nijifungue tendo linaniuma kama nachomwa. Mume wangu si mkorofi lakini anadhani simtaki. Mama mkwe kasema nimelegea ninywe supu ya mitishamba. Nimekaa kimya tu navumilia.

Dada wa Dirishani

Mdogo wangu, pole. Usivumilie, na hukulegea.

Mwanamke anayenyonyesha homoni ya estrojeni inashuka, na ikishuka uke unakauka. Ni hali ya mwili, huwa inarudi ukipunguza kunyonyesha na hedhi ikianza. Kwa sasa tumia kilainishi cha maji, maduka ya dawa tunavyo, usione haya kukitaja. Kama mnatumia kondomu, usipake mafuta ya nazi wala Vaseline, mafuta yanaozesha mpira na unapasuka. Na kama ulishonwa au uliongezewa njia, kovu lenyewe linaweza kuuma. Nenda kliniki ulikojifungulia waliangalie, wakipuuza nenda kwingine.

Kwa mumeo: mwambie kwa maneno, siyo kwa kumgeuzia mgongo. Mwambie "nakupenda, nakutaka, ila panauma, twende polepole". Tendo si kuingiza tu. Mnaweza kukaa mwezi mzima mkishikana, mkipapasana, mkifurahi bila kuingiza, na ndoa isivunjike. Wanaume wengi hawajui hilo kwa sababu hakuna aliyewaambia, wakidhani ukisema "leo hapana" ndiyo umefunga mlango.

Halafu hakikisha una njia ya uzazi wa mpango. Ukinyonyesha tupu, usiku na mchana, hedhi haijarudi na mtoto hajafika miezi sita, umekingwa kwa kiasi kikubwa. Wewe umebakiza mwezi mmoja. Usisubiri hedhi ikuonyeshe, kwa sababu yai linatoka kabla ya hedhi.

Mama Wawili

Nimeisoma mara nyingi. Asante dada. Nitamwonyesha uzi wenyewe, labda ni rahisi kuliko kusema.

Somo wa Sinoni

Mimi nafunda mabibi harusi hapa Arusha, kicheni pati zangu mnazijua. Dada umegusa penyewe. Mimi nimetoka Tanga, kwetu unyago ulikuwa unamfundisha mwali mwili WAKE, hedhi yake, usafi wake, raha yake. Huku naitwa saa mbili usiku, wageni wamelewa, natakiwa niwafundishe kukata kiuno na "usimnyime mumeo". Saa nzima ni mume, mume, mume. Ukitaja raha ya mwanamke mashangazi wanaguna.

Na bwana harusi anafundwa na nani? Anapewa bia na marafiki.

Dada wa Dirishani

Somo, hapo kwa bwana harusi ungeniachia mimi niandike, lakini umesema vizuri.

Naomba niseme wazi kwa wanaume walioko humu. Wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingizwa peke yake. Si kwamba wana kasoro au wewe ni dhaifu. Kiungo chenye hisia kali ni kisimi, na kile kinachoonekana kwa nje ni ncha tu. Kilichobaki kiko ndani, kina miguu miwili inayoshuka pande zote za uke. Daktari Helen O'Connell wa Australia ndiye aliyeonyesha umbo lake kamili, 1998, juzi tu hapo. Kwa hiyo mkono wako una kazi, maneno yako yana kazi, na haraka yako ndiyo adui. Muulize. "Hapa? Hivi?" Mwanaume anayeuliza hajapungukiwa na kitu.

Na hiyo ya "usimnyime" mimi siipendi. Mke anayekubali kwa sababu hana ruhusa ya kukataa hawezi kulowa, akikosa kulowa anachubuka, akichubuka anaanza kuliogopa tendo, na wewe unaanza kusema amebadilika.

Naomba Nisijulikane

Samahani, nimefungua akaunti kwa ajili ya swali hili. Mimi ni wa Longido. Nilikeketwa nikiwa mdogo. Nimesoma hiyo habari ya kisimi nikalia. Mimi ndiyo basi?

Dada wa Dirishani

Hapana mpendwa, si basi.

Wanachokata ni sehemu ya nje. Sehemu kubwa ya kile kiungo iko ndani kama nilivyoandika, na mishipa yake ipo. Wapo wanawake waliokeketwa wanaofurahia tendo na kufika kileleni. Inahitaji muda zaidi, mwenza mpole, na kutafuta sehemu nyingine za mwili zinazoitika. Matiti, shingo, mapaja, ndani ya uke ukuta wa mbele. Wewe mwenyewe unaweza kuutafuta mwili wako kwanza, ukiwa peke yako, bila haraka.

Kama kuna maumivu, kovu gumu, uvimbe au mkojo unatoka kwa shida, onana na daktari wa wanawake. Makovu yanatibika. Ukifika mwambie mapema kwamba umekeketwa, usisubiri agundue. Na kama una mimba au unapanga, mwambie mkunga pia.

Kwa wengine: toka 1998 sheria imefanya kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Lakini takwimu za kitaifa za 2015-16 bado zilikuta Arusha wanawake 41 kati ya 100 wamekeketwa. Namba ya kusaidia watoto ni 116, bure. Ukisikia ngoma zinapangwa wakati wa likizo, piga.

Somo wa Sinoni

Binti wa Longido, hauko peke yako. Nimefunda wengi kama wewe.

Baba Lulu

Tukirudi kwa wanaume. Nina 47, ni dereva wa magari ya watalii, Sakina. Mwaka huu mambo yamelala. Nimekunywa mitishamba, nimekunywa vile vidonge vya bluu vya kichochoroni, vinafanya kazi siku moja, siku nyingine moyo unaenda mbio naogopa.

Dada wa Dirishani

Kaka, tafadhali acha hivyo vya kichochoroni leo hii.

Swali la kwanza: asubuhi ukiamka kinasimama? Kama asubuhi kinasimama vizuri na usiku kinagoma, mara nyingi shida iko kwenye mawazo, uchovu, madeni, au mambo yenu wawili. Kama hata asubuhi hakuna kitu, mishipa ya damu inaweza kuwa na tatizo. Kapime sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huko ndiko dalili huanzia. Kuna wanaume ambao nguvu za kiume zilikuwa taarifa ya mapema ya ugonjwa wa moyo, wakaenda kwa mganga badala ya kupima.

Vidonge vya bluu vya kweli vipo na ni salama kwa wengi, lakini daktari lazima ajue dawa unazotumia. Ukimeza na dawa za moyo zenye naitreti, presha inaporomoka ghafla na unaweza kufa. Kikisimama zaidi ya saa nne bila kulala, usijisifu, kimbilia hospitali. Na punguza sigara. Mbege pia, najua, najua.

Baba Lulu

Baba yangu alikufa na sukari. Sikuwahi kuunganisha.

Binti wa Pasua

Dada mimi natumia P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, karibu kila wikiendi boyfriend akija. Hedhi imevurugika. Nimeambiwa P2 inaharibu kizazi, kweli?

Dada wa Dirishani

Haiharibu kizazi na haitoi mimba. Inachelewesha yai kutoka, kwa hiyo kama yai limeshatoka haikusaidii. Ni ya ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu inapungua. Kuitumia kila wiki ndiko kunakuvuruga hedhi, na bado unaweza kupata mimba kirahisi kuliko mwenye kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Tena unalipa kila wiki kitu ambacho kituo cha serikali wanakupa bure: sindano ya miezi mitatu, kijiti cha miaka mitatu au mitano, kitanzi cha shaba cha miaka kumi na zaidi. Usiogope maswali ya nesi. Akikuuliza umeolewa, mwambie umekuja kupata huduma.

Na hakuna kati ya hivyo kinachozuia VVU wala kaswende. Kondomu inabaki palepale. Bodaboda mnaoweka kondomu chini ya siti, lile joto linaiua. Pochi ya mfuko wa nyuma vilevile.

Niko Sawa

Niongeze langu. Naishi na VVU, niko kliniki ya CTC tangu 2014, kidonge kimoja kwa siku. Kipimo cha wingi wa virusi kinasoma havionekani. Mke wangu hana maambukizi, alijua kabla hatujaoana. Tuna mtoto, naye hana. Tunafurahia tendo kama watu wengine. Naandika kwa sababu nilipopimwa nilidhani hiyo sehemu ya maisha imefungwa, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa mwaka mzima.

Dada wa Dirishani

Asante sana kaka, umeokoa mtu humu.

Niweke sayansi yake: anayemeza ARV vizuri na virusi vyake vikakaa chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Hiyo imethibitishwa kwa wapenzi wengi, si maneno ya kufarijiana. Asiye na maambukizi aliye kwenye hatari naye kuna PrEP, dawa ya kinga ya kumeza kabla. Kondomu ikipasuka au umebakwa, kuna PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio: ianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, siku 28. Usingoje Jumatatu.

Chalii wa Kijenge

Kupima VVU bila kukutana na watu inawezekana? Kijenge nesi ni shangazi.

Dada wa Dirishani

Inawezekana. Sheria ilirekebishwa Novemba 2019 ikaruhusu mtu kujipima, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka 18 mpaka 15. Kile kipimo cha mate unapangusa ufizi wa juu na wa chini, unatia kijiti kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Mstari mmoja, hakuna. Miwili, nenda kituo wakuhakikishe, usijihukumu kwa kile kijiti. Kama tukio ni la wiki iliyopita, kipimo hakiwezi kukwambia kitu, rudia baada ya miezi mitatu.

Mama Kaloleni

Shule imetuma karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa binti yangu wa miaka 10. Kikundi cha wazazi wanasema inafunga uzazi. Na mimi kama mama nitamwambia ni ya nini, si nitamfundisha uhuni?

Dada wa Dirishani

Haifungi uzazi. Inazuia aina za kirusi HPV, na mbili kati ya hizo, 16 na 18, ndizo zinazoleta karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulianza kwa majaribio 2014, nchi nzima ikaanza 2018, na 2024 ikawa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wale wa majaribio leo ni wanawake wakubwa, wapo hapa mjini. Inatolewa mapema kwa kuwa chanjo inafanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na kirusi.

Mwambie ni ya kulinda mji wake wa mimba asiugue akiwa mkubwa. Miaka 10 anaelewa. Mwambie pia habari ya hedhi kabla haijamkuta darasani, na kwamba hakuna mtu mzima, awe mjomba, mwalimu au mchungaji, mwenye ruhusa ya kumshika na kumwambia "usimwambie mama". Mtoto anayejua majina ya viungo vyake anaweza kueleza alichofanyiwa.

Na wewe mwenyewe umepima? Kuanzia miaka 30. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakibadilika kuwa peupe wanajua pana tatizo na mara nyingi wanapatibu siku hiyohiyo. Ni dakika chache. Haiumi, ni baridi tu ya kile chuma.

Mama Kaloleni

Nina 38 sijawahi. Naogopa kupimwa na mwanaume.

Dada wa Dirishani

Omba mwanamke. Ni haki yako, na wengi wao ni wanawake. Ukikuta mwanaume tu siku hiyo, uliza zamu ya kesho.

Mume wa Mama Wawili

Nimeonyeshwa uzi. Sina la kusema sana. Dada, mwanaume anaruhusiwa kuingia na mke wake kliniki ya uzazi wa mpango au ataonekana kituko?

Dada wa Dirishani

Karibu shemeji. Unaruhusiwa, na vituo vingi mama aliyekuja na mume anahudumiwa mapema. Nendeni katikati ya wiki, Jumatatu foleni inafika getini. Bebeni na kadi ya mtoto.

Mume wa Mama Wawili

Tunaenda Jumatano. Hicho kilainishi kinaitwaje nikifika dukani?

Dada wa Dirishani

Sema hivyohivyo, "naomba kilainishi cha maji". Kwa sauti ya kawaida.